Unga wa lishe wa Mwanza: nafaka kumi na mbili, dagaa hata kijiko hakuna

Duka la nafaka lolote la Kirumba, Igoma au Buhongwa lina rafu yake: mifuko ya nailoni ya nusu kilo na kilo moja, karatasi ya rangi imebandikwa mbele, picha ya mtoto mnene anacheka, na juu maandishi makubwa: LISHE BORA, NAFAKA 7. Jirani yake upo wa nafaka 9. Mwenye ari zaidi kaandika 12. Mama mwenye mtoto wa miezi saba anauliza upi ni upi, na muuzaji anamjibu kwa namba: "Huu ndio wenye vingi, mama. Chukua huu."

Bidhaa tunayoipitia ni hiyo: unga wa lishe wa viwanda vidogo na wa majumbani, unaouzwa Mwanza mjini na kupakiwa botini kwenda visiwani. Tutawagusa pia ndugu zake wawili wasiopaswa kuwa dukani, yaani unga wa msaada na ile pakiti ya karanga ya tiba. Majina ya viwanda hatutaji, maana mchanganyiko uleule unatengenezwa na watu wengi na kasoro zao ni zilezile. Ladha nayo tumeiweka kando. Tunauliza jambo moja: mfuko huu unaweza kumbeba mtoto wa miezi 6 hadi 24, na mama yake, wakati nyumba imeingia kwenye shida? Shida za huku zinajulikana. Maji ya ziwa yanapanda na kuwatoa watu majumbani, kama yalivyofanya 2020. Kipindupindu kinaingia kambi ya wavuvi. Upepo unalaza boti siku nne na kisiwani hakishuki kitu. Siku za neema karibu kila unga unafaa, kwa sababu mtoto anapata samaki, tunda na mboga pembeni. Siku hizo nyingine uji ndio chakula chote, na hapo kilichomo mfukoni kinaonekana.

Unga wa nafaka nyingi tunaupa nyota 2 kati ya 5.

Mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, uwele na shayiri ni watoto wa tumbo moja. Vyote ni wanga pamoja na protini kidogo, na protini hiyo ina pengo lilelile: laisini ni haba. Ukiongeza nafaka ya nane juu ya saba pengo linabaki palepale. Kinachoziba ni jamii ya kunde, hasa soya, au chakula chenye asili ya mnyama. Kwa hiyo mfuko wa vitu vitatu, mahindi, soya na karanga, mara nyingi unaupita ule wa vitu kumi na viwili, na bei yake iko chini. Soma karatasi kwa mpangilio, usihesabu majina. Utaratibu wa lebo ni kwamba kitu chenye uzito mkubwa kinatangulia. Ukiikuta soya ya tisa na karanga ya kumi, ujue zimetiwa ili ziandikwe. Mchanganyiko unaoeleweka kwa uzito ni sehemu 7 za nafaka, 2 za soya, 1 ya karanga.

Halafu kuna faiteti. Hiki ni kitu kilichomo kwenye nafaka na kunde, hasa kwenye maganda, na kazi yake tumboni ni kuyashika madini ya chuma na zinki yasipite kuingia mwilini. Mtoto akifikisha miezi sita, akiba ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa inaisha, na maziwa ya mama, pamoja na uzuri wake wote, yana chuma kidogo. Anahitaji chuma kinachofyonzwa kirahisi. Unga wa mimea mitupu una chuma kwenye karatasi ya vipimo. Tumboni kinaingia kidogo tu. Kuloweka na kuotesha nafaka kabla ya kusaga kunapunguza faiteti, lakini kunachukua siku na nafasi ya kuanikia, ndiyo maana wengi wanaosaga kwa biashara wanaruka hatua hiyo.

Kasoro inayotukera zaidi iko kwenye soya. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia mwili kuyeyusha protini, na vizuizi hivyo vinakufa kwa moto wa kutosha. Njia sahihi ni kuichagua, kuichemsha kama nusu saa, kuifikicha maganda yatoke, kuianika ikauke kabisa, ndipo ikaangwe kidogo na kusagwa. Watengenezaji wengine wanaikaanga tu juu juu, rangi inageuka nje na ndani ni mbichi. Onja unga mkavu kwenye ncha ya ulimi: ukisikia ladha ya maharage mabichi inayong'ang'ania kooni, hiyo soya haikuiva. Mtoto atajaa gesi, ataharisha, na mama atasema "unga wa lishe haumpendi mwanangu," kumbe ni moto uliopungua. Muulize muuzaji waziwazi: "Mama, soya yenu mnaichemsha kwanza au mnaikaanga tu?" Anayetengeneza mwenyewe atakueleza hatua kwa hatua bila kusita. Anayenunua kwa mwingine na kubandika karatasi yake atakwambia imeandaliwa vizuri.

Hatari zaidi ni maharage mekundu yanayosagwa mabichi ili idadi ifike kumi na mbili. Yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, na inahitaji kuchemka kwa nguvu angalau dakika kumi. Uji wa mkaa wa kubania hauchemki hivyo. Unapata fukuto la dakika tano na unaipuliwa. Ukiona maharage kwenye orodha na mtengenezaji hawezi kusema aliyapika kabla ya kusaga, acha mfuko hapo.

Karanga zina jambo lake: sumukuvu. Ukungu unaotoa sumu hiyo unapenda karanga na mahindi yaliyovunwa na mvua au kuhifadhiwa na unyevu, na sumu yenyewe haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, kwa hiyo si hadithi ya mbali. Mtoto anayekula uji uleule asubuhi na jioni miezi kumi na minane mfululizo anaipokea kidogo kidogo, na ikijumlishwa ni nyingi kuliko ya mtu yeyote nyumbani. Ukiwa na karanga nzima mkononi unaweza kutoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye vumbi la kijani, na hapo unakuwa umeondoa sehemu kubwa ya hatari. Zikishasagwa hakuna jicho linaloona. Alama ya TBS (Shirika la Viwango), namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha matumizi vina maana hapa: angalau kuna mtu anayeweza kufuatiliwa. Mfuko uliofungwa kwa mshumaa, bila tarehe, wenye namba ya simu pekee, ni unga wa kuaminiana.

Kuna aina ya pili, unga uliotiwa dagaa humohumo. Huu tunaupa nyota 3, na tungependa kuupa zaidi. Wazo ni sahihi kabisa. Dagaa mkavu, kwa uzito, zaidi ya nusu yake ni protini, tena protini iliyokamilika. Analiwa na mifupa yake, hivyo ana kalsiamu kwa wingi, pamoja na zinki, chuma na vitamini B12 ambayo mimea haina kabisa. Tena nyama ya samaki inasaidia mwili kufyonza chuma cha ile nafaka iliyomo chunguni. Kwa mtu wa ziwani, hiki ndicho kiungo ambacho nchi kavu wanakitafuta kwa hela.

Kinachouangusha ni muda. Mafuta ya samaki yanaharibika upesi yakishasagwa na kukutana na hewa, na mafuta ya karanga yanayafuata. Unga wa mahindi na soya utakaa miezi kadhaa pakavu; ukiutia dagaa, baada ya mwezi mmoja hivi harufu inageuka, na mtoto anaanza kukataa kikombe. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo wanatia dagaa kiduchu, kiasi cha kuandikwa. Harufu haipo, na faida haipo.

Tena kuna suala la dagaa yupi amesagwa. Sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili inakwenda kwenye chakula cha kuku, na mzigo huo ni wa daraja la chini: walionyeshewa, waliokanyagwa, waliozolewa na mchanga. Mashine ya kusaga ni ileile. Unga wa dagaa unaouzwa kwa bei ya kutupa una sababu ya kuuzwa hivyo, na ukiusugua kati ya meno utaisikia.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa anayeishi Mwanza au anayepeleka mzigo Ukerewe, Kome au Goziba ni kutenganisha. Nunua au saga unga mfupi wa vitu vitatu, na dagaa weka kwenye kopo lake. Hapo tunatoa nyota 4 na nusu. Nusu tumeikata kwa sababu ya kazi.

Dagaa wa kazi hii anatafutwa Mwaloni, Kirumba. Wapo walioanikwa kwenye chanja, yaani wavu ulioinuliwa juu ya ardhi, na wapo walioanikwa mchangani. Wa chanja anang'aa fedha, amenyooka, anavunjika kwa sauti. Wa mchanga amefubaa, kijivu, na mkono ukiingia kwenye gunia unatoka na vumbi. Usibishane na muuzaji: omba kiganja kimoja, kitie kwenye bakuli la maji, zungusha, subiri, tazama chini. Mchanga hausemi uongo. Rangi ya manjano au kahawia pamoja na harufu ya mafuta makongwe maana yake alinyeshewa akianikwa au amekaa sana ghalani. Hiyo hutokea zaidi miezi ya mvua, maana jua la siku moja likikosekana mzigo wote unaharibika. Kayabo, ule mnofu wa sangara uliotiwa chumvi, si mbadala. Chumvi yake ni nyingi mno kwa mtoto. Mapanki ni mazuri kwa supu ya mama, lakini kwa mtoto miiba inakuwa kazi nyingine.

Bei hatuiandiki, kwa kuwa kesho itakuwa uongo. Inatosha kujua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikaza wavuvi wanapumzika. Anayenunua kwa matumizi ya mwezi mzima anunue giza linapokaribia mwisho, mzigo ukiwa umejaa, asisubiri mwezi mpevu.

Maandalizi ni haya. Chagua kilo moja, toa takataka, na toa vichwa kama mtoto ni mchanga kwenye kula, kwa kuwa uchungu mwingi uko kichwani na tumboni. Osha haraka kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, mara mbili au tatu, mpaka chini ya beseni pasibaki mchanga; usiloweke. Anika juu ya wavu safi mpaka wakauke tena. Kisha kaanga bila mafuta, moto mdogo, ukigeuza muda wote, kama dakika kumi, mpaka dagaa akivunjwa alie "kak" na harufu ya ubichi iishe. Moto huu una kazi mbili: kurahisisha kusaga, na kuua vijidudu ambavyo dagaa aliyeanikwa ufukweni, penye kuku, mbwa na miguu ya watu, hawezi kuvikosa. Twanga kwenye kinu, chekecha kwa chekecheo laini, yanayobaki juu yarudi kinuni. Weka kwenye chupa ya kioo au kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, ukiacha nafasi ndogo ya hewa, mbali na jiko. Andika tarehe kwa kalamu. Ndani ya wiki tatu liwe limeisha. Ndiyo maana tunasema kilo moja, si gunia.

Makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni kusaga dagaa ambaye hajakauka sawasawa baada ya kuoshwa: unga unashikamana, na siku ya tano unaota ukungu. La pili ni kumpeleka kwenye mashine ya kijiweni mara baada ya mtu aliyesaga pumba za kuku.

Sasa upishi, maana unga mzuri unauawa kwenye sufuria. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linabeba takribani mililita 240 kwa mlo mmoja, kikombe cha robo lita hivi. Uji mwepesi tuliouzoea, ule wa kunywa kwa kikombe barabarani, una kama gramu 20 za unga kwenye robo lita: kilokalori 75, basi. Mtoto ameshiba maji. Anayenyonya anahitaji kutoka kwenye chakula, juu ya maziwa ya mama, kama kilokalori 200 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, kama 300 miezi 9 hadi 11, na kama 550 kuanzia mwaka mmoja hadi miwili. Kwa uji wa barabarani mtoto wa mwaka mmoja angehitaji vikombe zaidi ya saba. Hakuna mtoto wa hivyo.

Pika hivi kwa kikombe kimoja: vijiko vitatu vya chakula vya unga vilivyojaa, kama gramu 45. Koroga kwanza na maji baridi safi usifanye madonge, mimina kwenye maji yanayochemka, pika dakika 15 hadi 20 ukikoroga. Dakika tano za mwisho tia unga wa dagaa: nusu kijiko cha chai kwa mtoto anayeanza, kijiko kimoja cha chakula akifikisha miezi tisa. Ukiipua tia kijiko cha chai cha mafuta, ambacho peke yake kinaongeza kilokalori 40. Hapo kikombe kimeingia 200 na zaidi. Harufu ya dagaa ikimsumbua, matone ya limau yanaitosha. Kipimo cha uzito: inamisha kijiko, uji ukikimbia kama maji, ongeza unga, na ukidondoka polepole, umefika.

Uji huo ni mzito, na mtoto wa miezi saba anaweza kushindwa kuumeza. Hapa wengi wanaongeza maji na kuharibu hesabu yote. Dawa yake ni kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku kucha, mwaga maji, funika kwa kitambaa kibichi siku mbili au tatu uote, anika, pukuta vichipukizi, saga. Acha uji mzito upoe kidogo, uwe wa moto lakini usiochemka, tia kijiko cha chai cha kimea, koroga: ndani ya dakika chache unalegea kama umetiwa maji, na chakula kimebaki kilekile. Kisha urudishe motoni uchemke mara moja, kwa usalama. Ukitia kimea kwenye uji unaotokota hakifanyi kitu, kwa sababu kimeungua. Na tumia ulezi, si mtama: mimea michanga ya mtama inatengeneza sumu ya sianidi.

Uji uliobaki hauhifadhiwi kwenye chupa ya chai kutwa nzima. Uvuguvugu ule ndio vijidudu wanaoutaka. Kikombe na kijiko vinaoshwa kirahisi. Chupa ya kunyonyea haioshwi kirahisi kwa maji ya ziwani, na kwenye kambi yenye kipindupindu chupa hiyo ni mlango wa kuhara. Kwa sababu hiyohiyo watu wa afya wanapinga ugawaji holela wa maziwa ya kopo penye maafa. Mama anayenyonyesha aendelee, hata kama yeye mwenyewe anaona amekonda.

Unga wa msaada una historia ndefu kanda hii, tangu wakimbizi wa Rwanda walipojaa Benaco, Ngara, mwaka 1994, hadi Nyarugusu, Kigoma, iliyofunguliwa 1996. Wa watoto wa miezi 6 hadi 23 unaitwa Super Cereal Plus: nafaka, soya iliyomenywa, maziwa ya unga, sukari, mafuta na mchanganyiko wa vitamini na madini. Wa wajawazito na wanaonyonyesha, Super Cereal, hauna maziwa. Umepikwa kiwandani kwa joto na mgandamizo, kwa hiyo dakika 5 hadi 10 za kuchemka zinautosha, na kwa nyumba isiyo na mkaa hilo ni jambo kubwa. Ule wa watoto tunaupa nyota 4. Kwa madini hakuna unga wa Kirumba unaoukaribia, kwa kuwa umetiwa kwa kipimo. Nyota moja imekatwa na maisha yenyewe: unahitaji maji safi na moto, na mfuko wa mtoto mmoja ukiingia nyumba ya watu tisa wasio na kitu kingine, unaliwa na tisa. Hiyo si tabia mbaya ya mama. Ni hesabu mbaya ya anayegawa unga wa mtoto bila kugawa chakula cha nyumba. Na usiongeze sukari, tayari imo.

Pakiti ya karanga ya tiba hatuipi nyota, kwa kuwa ni dawa. Plumpy'Nut ndiyo iliyotangulia, ikabuniwa Ufaransa mwaka 1996: siagi ya karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ni gramu 92, kilokalori 500. Ubora wake mkubwa ni kwamba haina maji ndani na haitaki maji nje. Vijidudu haviwezi kuzaliana humo, mtoto anaifyonza kutoka kwenye pakiti, iliyobaki inakunjwa hadi baadaye. Kwa kisiwa kisicho na maji safi, hakuna kinachoifikia. Lakini ni ya mtoto mwenye utapiamlo mkali, kuanzia miezi sita, baada ya kujaribiwa hamu ya kula. Mtoto wa kilo 6 anapangiwa kama pakiti mbili hadi mbili na nusu kwa siku, nesi ndiye anayehesabu, huku akiendelea kunyonya na kupewa maji safi ya kunywa. Ukiikuta imepangwa kibandani pamoja na biskuti, usiinunue. Kuna mtoto mahali fulani ameikosa.

Utakayemwambia aende kituoni utamjua kwa utepe wa kupimia mkono, bidhaa ndogo kuliko zote humu na yenye faida kuliko nyingi. Mkono wa kushoto, umekunjwa. Tafuta katikati kati ya ncha ya bega na kiwiko. Mkono ushuke ulegee. Zungusha utepe uguse ngozi bila kubana. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano. Kosa la kawaida ni kukaza utepe, na mtoto wa kijani anakuwa wa njano. Kosa jingine ni kupima juu ya nguo. Kisha bonyeza miguu yote miwili kwa dole gumba, upande wa juu wa mguu, sekunde tatu: pakibaki shimo miguu yote, ni utapiamlo mkali hata kama utepe unaonyesha kijani. Mtoto wa hivyo akikataa kula, akitapika kila kitu au akilegea, hasubiri uji wa aina yoyote. Alazwe, na huko ataanzishiwa maziwa maalumu, F-75, kabla ya kitu kizito.

Kwa mama, mfuko wenye picha ya mjamzito na maneno "huongeza damu" ni unga uleule wa nafaka 9 umebadilishiwa karatasi. Mjamzito anahitaji mlo mmoja mdogo zaidi kwa siku, anayenyonyesha karibu mlo na nusu hadi miwili, na dagaa na mchicha, au nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa) wakati wa kiangazi, vinaifanya kazi hiyo vizuri kuliko uji. Damu inaongezwa na vidonge vya FEFO (madini ya chuma na foliki) vya kliniki: vinywewe na maji yenye limau au chungwa, si na chai, kwa sababu chai inakizuia chuma. Vikichefua, vinywewe usiku. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Pwani ya ziwa ina kichocho, nacho kinakula damu. Mjamzito aliyepita miezi mitatu ya kwanza anaweza kutibiwa, aulize kliniki. Halafu kuna bidhaa moja inayouzwa meza ya pili kutoka kwenye unga wa lishe: udongo wa kula, wengi huku wanauita pemba. Udongo wa namna hiyo uliopimwa Geita, karibu na machimbo, ulikutwa na arseniki. Hauongezi chochote.

Nyumba isiyomudu soya ina njia nyingine. Viazi lishe vya rangi ya chungwa, kama Kabode na Mataya, vikichemshwa na kupondwa na kijiko cha unga wa dagaa na mafuta kidogo, ni mlo kamili kuliko uji mwingi, na vitamini A yake ni ya bure. Michembe na matobolwa, yaani viazi vilivyokatwa na kukaushwa, vinahifadhika kuliko kiazi kibichi, lakini jua limeshakula sehemu ya vitamini hiyo, tena si kila michembe ni ya kiazi cha rangi.

Anayefunga mzigo wa mtoto mmoja wa kwenda kisiwani kwa wiki mbili achukue unga wa vitu vitatu kilo mbili, kopo la dagaa aliyesagwa gramu 250, kimea gramu 200, mafuta nusu lita yaliyofungwa kiwandani, WaterGuard (dawa ya kutibu maji) na utepe. Unga ufungwe mifuko miwili ya kilo moja ndani ya ndoo yenye mfuniko, si kiroba kimoja kilichoachwa sakafuni mwa boti.

Na mfuko wowote uliotuletea maandishi "kuanzia miezi 4" haukupata nyota. Kabla ya miezi sita ni ziwa la mama peke yake, na mtengenezaji asiyejua hilo hatujui soya yake ameichemsha vipi.